Usiisugue medali ya kampeni

Medali yangu ya kwanza ya William Henry Harrison, aliyegombea urais wa Marekani, niliinunua kwenye soko la vitu vikuukuu hapa Connecticut, Marekani. Ni ya kampeni yake ya 1840, shaba ya manjano iliyokwisha kugeuka rangi ya kahawa. Nilipofika nyumbani nikaifanyia kama bibi alivyoyafanyia masinia yake Zanzibar: ndimu, majivu, sugua, suuza. Ikang'aa kweli. Kesho yake nikampelekea mzee mmoja mkusanyaji. Akaigeuza mara mbili, akaniambia, "Mwanangu, umeiua."

Hizi hazikuwa nishani za kifalme. Mjini Waterbury, hapa hapa Connecticut, viwanda kama Scovill vilivyokuwa vikitengeneza vifungo vya sare vilikuwa na kila kitu tayari: shaba iliyobapwa nyembamba, mashine ya kukata visahani, muhuri wa chuma wa kugonga picha. Medali zikatoka kwa wingi, za bei rahisi, mtu wa kawaida azivae. Kwa hiyo picha yenyewe imeinuka kidogo mno, na majivu huila upesi.

Na picha ya Harrison ina kisa chake. Gazeti la wapinzani lilimkejeli kwamba akipewa pipa la pombe ya tufaha na pensheni, atatulia kwenye kibanda cha magogo. Wafuasi wake wakaichukua kejeli ile wakaifanya nembo. Kibanda na pipa vikagongwa kwenye medali, na uchaguzi akashinda.

Ukikuta kitundu juu, usiikatae. Kilitobolewa kupitisha utepe ili ivaliwe kifuani. Chunguza kingo zake tu: kitundu cha zamani kimelainika, na rangi yake ni sawa na ya uso. Tazama pia ukingo wa medali. Ukiona mstari wa kuungana pande mbili, hiyo imemiminwa kwenye kalibu, haikugongwa, basi iache.

Zile za kampeni ya 1860 zenye picha halisi za kamera, mgombea urais Lincoln upande mmoja na mgombea mwenza wake Hamlin upande wa pili, zisiguse maji kabisa. Picha imekaa juu ya kibati cha chuma, na kutu ikianza chini yake hairudi nyuma. Mimi huziweka kwenye bahasha ya karatasi, mahali pakavu.

Ya Harrison bado ninayo. Pipa linaonekana vizuri, lakini magogo ya upande wa kushoto yamefutika, na ni kwa mkono wangu.