Power BI, MySQL, Access na Excel za AMCOS: kinachokwama na sababu yake

Mkuu, umesema ripoti ya kahawa ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) yenu hapo Mbozi, unayoitengeneza kwa Power BI, programu ya ripoti ya Microsoft, inachota sehemu tatu: malipo yapo MySQL (hifadhidata ya kwenye seva), wanachama wapo kwenye Access ya zamani (hifadhidata ya Office), kilo za mizani zipo Excel. Access ndiyo inagoma, ikidai Microsoft.ACE.OLEDB.12.0, yaani draiva ya kusomea faili za Access, haijasajiliwa.

Faili lako ni zima. Power BI Desktop ni ya biti 64, na huenda Office yako ni ya biti 32; programu ya biti 64 haipakii draiva ya biti 32. Hakikisha kwenye Excel: File, Account, About Excel. Dawa ni kuondoa Office hiyo na kuweka ya biti 64. Ila mimi ningehamishia jedwali la wanachama MySQL moja kwa moja. Access ikifunguliwa na watu wawili kwenye mtandao wa ofisi, umeme ukakatika mmoja akiwa anaandika, huharibika kirahisi.

Upande wa MySQL, weka kwanza Connector/NET, draiva inayounganisha Power BI na MySQL, kisha funga Power BI uifungue upya. Isipounganika, angalia kama poti 3306, mlango wa MySQL, imezuiwa na ngome (firewall) ya Windows, au bind-address ya seva imeachwa 127.0.0.1, maana hapo seva inajisikiliza yenyewe tu, kompyuta nyingine haziifikii. Usitumie root, yaani akaunti yenye ruhusa zote, hata kwa majaribio! Tengeneza mtumiaji mwenye ruhusa ya SELECT (kusoma data) peke yake.

Sasa usiombe yakukute ya Excel, kwa sababu hayatoi ujumbe wowote wa kosa. Mwanachama 00457 wa Access, Excel humgeuza 457. Ukiunganisha majedwali, kilo zake hazimfikii. Kwenye Power Query, sehemu ya Power BI ya kusafishia data, fanya safu zote mbili za namba ya mwanachama kuwa Text, kisha ile ya Excel uipitishe kwenye Text.PadStart([Namba], 5, "0"), inayorudisha sifuri za mbele.

Tarehe nazo: kompyuta yenye mpangilio wa Marekani husoma 03/07, yaani tarehe 3 Julai, kuwa Machi 7. Tarehe 13/07 itatoa Error, utaishtukia; za 12 kushuka chini zinapinduka kimyakimya. Bofya kichwa cha safu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, Change Type, Using Locale, chagua English (United Kingdom). Kisha panga kilo kwa mwezi. Ukiona Mbozi imepokea kahawa nyingi Machi, wakati mavuno hata hayajaanza, kuna faili ulilosahau kulirekebisha tarehe.