Koltani ya Rubaya ni "madini adimu" ao hapana?

Swali limetoka kwa ndugu mmoja wa Goma anayefanya biashara ya mawe upande wa Masisi, huko Rubaya iliko, mashariki ya Kongo: "Huku karyeri watu wanasema koltani njo tere rare, kwa Kiswahili tuandike madini adimu. Ni sawa? Na ni madini haya ao madini hizi?" (Karyeri ni machimbo, na tere rare ni Kifaransa, terres rares, jina la kundi moja la metali.)

Nianze na ile nyepesi. Kwa kuongea tu na rafiki, madini hizi haina shida, Goma yote inasema hivyo, ila kwenye barua ya koperative andika madini haya. Na adimu haibadilike: kitu adimu, vitu adimu, madini adimu.

Sasa koltani, hapo njo kuna kazi. Koltani inabeba metali mbili, tantali na niobi, na hizo mbili hazimo kabisa kwenye zile elementi 17 za tere rare, ambazo ni seri, lantani, neodimi na wenzao, pamoja na itri na skandi. Ya Rubaya inatoka kwa pegmatiti, ule mwamba wa fuwele kubwakubwa, wachimbaji wanaujua kwa mika inayong'aa na kaolini, ule udongo mweupe unaoshika nguo mpaka jioni. Sisemi pegmatiti haina tere rare, juu hata itri ilipata jina kwa karyeri ya pegmatiti ya Ytterby, kule Sweden, lakini nyingi inayochimbwa duniani inahusiana na karbonatiti, mwamba wa magma uliojaa kalsiti na dolomiti, kama Mountain Pass kule Marekani. Na msifikiri kila karbonatiti ni tere rare tu, ya Lueshe hapa Rutshuru ilijulikana kwa pirokloro, na pirokloro ni madini yanayobeba niobi. Kwa jirani zetu Burundi, Gakara, kule kuna bastnesiti na monaziti, hayo njo madini yanayobeba tere rare zenyewe. Monaziti mara nyingi iko na thori, metali yenye mionzi, tafadhali msilale na mufuko wake ndani ya nyumba.

Kwa hiyo tere rare mimi naandika metali za ardhi adimu, kirefu kidogo lakini hakidanganyi mtu. "Madini adimu" peke yake ni pana sana, hata almasi inaingia, na tena seri ni nyingi ardhini kuliko risasi, shida ni kwamba imetawanyika, kuipata pamoja ya kutosha kuchimba njo ngumu.

Kwenye karatasi za mzigo wako andika koltani, basi, na mnunuzi akikuandikia tere rare mwombe matokeo ya labo kabla hujasaini.