Kipepeo kile au kipepeo yule?

SWALI: Nasimamia chama cha mazingira katika shule moja hapa Nairobi. Tulipotoka Msitu wa Karura, mwanafunzi mmoja aliandika: "Mabawa ya kipepeo kile ni makubwa kuliko mbawakawa anayebungua miti." Mwalimu mwenzangu akafuta "kile" akaandika "yule". Kwani kipepeo si neno la ngeli ya KI-VI?

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, mwalimu. Ki- inabaki kwenye jina lenyewe tu. Maneno yanayofuata huangalia uhai, nayo huingia A-WA: kipepeo yule mzuri ameruka, vipepeo wale wazuri wameruka. Ndivyo ilivyo kwa kiwavi, kiroboto na kifaru. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni kiboko. Mnyama tunasema "kiboko amezama mtoni", lakini ule mjeledi tunasema "kiboko kimekatika". Jina ni lile lile, uhai ndio uliobadilisha kitenzi.

Kosa linaloniuma zaidi, hata hivyo, halikuguswa. Sentensi inapima mabawa kwa mdudu mzima! Iwe "makubwa kuliko ya mbawakawa". Hiyo "ya" ndiyo inayosimama badala ya mabawa. Kosa hili nalikuta kila mahali, hata kwenye taarifa za habari: "bei ya unga ni ya juu kuliko mwaka jana", badala ya "kuliko ya mwaka jana". Tena kwa mbawakawa inafaa kutaja mabawa yapi, maana ya mbele ni magumu kama gamba, nayo huyafunika yale mepesi ya nyuma anayorukia. Akiwa ametua kwenye gogo, huonekana yale magumu tu.

"Anayebungua" ni chaguo zuri sana, mpongeze mtoto. Msumari nao hutoboa, ila kubungua ni kazi ya mdudu anayekula mbao au nafaka kwa ndani. Na hakumwita mchwa, kama wengi wetu mjini tunavyomwita kila mdudu wa mbao.

Ila mara nyingi anayebungua ni buu, kabla hajawa mbawakawa, kama vile kiwavi ndiye anayetafuna majani kabla hajawa kipepeo. Na buu pia, ijapokuwa wingi wake ni mabuu, ni kiumbe hai. Basi mwanafunzi aandike: "Mabawa ya kipepeo yule ni makubwa kuliko ya mbawakawa ambaye buu wake hubungua miti."