Shuka chini ucheze na mwanao

Kwa muda mrefu niliamini kazi ya baba ni kulisha, kuvisha na kufundisha adabu, na michezo ni ya watoto wenyewe. Sikuwa mkali, nilikuwa nimechoka tu. Binti yangu akiniletea sanduku tupu, "Baba, panda basi," namjibu "Subiri," na simu mkononi. Baada ya miezi kadhaa akaacha kuniletea. Hapo ndipo iliponiuma.

Jioni moja nikaketi sakafuni. Akaniambia nilale, mimi ni mgonjwa. Akanichoma sindano kwa kijiko, akanifunika taulo mpaka kidevuni, akanipapasa kichwa na kuninong'oneza: "Usilie. Baba yako atakuja kukuchukua." Alikuwa na wiki mbili tangu aanze chekechea, na kila nilipomuuliza siku yake imekwendaje alijibu "nzuri". Kumbe alikuwa akilia kule. Kwa maswali yangu nisingelijua hilo hata kwa mwaka mzima.

Najua wapo wanaosema wazazi wa zamani hawakucheza na watoto, na watoto wakakua vizuri. Ni kweli. Katika jamii nyingi mtoto huchezeshwa na dada, kaka, binamu, na bibi naye yupo. Lakini mtoto yule alikuwa na kundi. Huyu wako anayeshinda ndani na televisheni, ana nani?

Wala sikwambii ucheze naye kutwa. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 4 auchangamshe mwili wake angalau dakika 180 kwa siku. Nyingi ya hizo atazimaliza mwenyewe kwa kukimbia na kupanda vitu. Mimi nampa dakika 20 za jioni, simu ikiwa chumba kingine. Zinatosha, mradi ziwe zake kweli.

Kosa nililochelewa kuliacha ni kugeuza mchezo kuwa darasa. Akishika kitu, "Hii rangi gani? Hesabu." Anachoka na kuondoka. Mwache aongoze; akikupa kikombe kitupu, kunywa chai. Kwa mtoto mchanga inatosha kuficha uso nyuma ya viganja na kuufunua. Katika umri wa miezi 8 hivi anaanza kuelewa kwamba asichokiona bado kipo, ndiyo maana anacheka sana ukitokea.

Ukitaka kumaliza, mwambie mapema: "Safari mbili zaidi, kisha naenda kupika." Usinyanyuke ghafla.

Juzi sanduku lilirudi. Nikapanda, nikauliza tunakwenda wapi. Akaniambia nitulie, dereva hasemeshwi.