Protoni husukumwa au huvushwa?

SWALI: Nafundisha baiolojia Tanga mjini. Nikieleza usanisinuru kwa Kiswahili husema "elektroni zinasukuma protoni ndani ya thilakoidi". Mwenzangu anataka niseme "elektroni na protoni husafiri pamoja". Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu, nyote mmekaribia, ila vitenzi vimewaponyoka.

Elektroni haisukumi kitu. Mwenye kazi ni plastokwinoni, molekuli inayoelea ndani ya utando wa thilakoidi, yaani vifuko vidogo vilivyo ndani ya kloroplasti. Upande wa stroma, yaani majimaji yaliyo nje ya thilakoidi, hupokea elektroni 2 na kuchukua protoni 2, huvuka utando, kisha penye saitokromu b6f, protini iliyomo kwenye utando huo, huzishusha protoni ndani ya thilakoidi. Huko ndiko kuvusha, kama kivuko cha Pangani kinavyovusha watu kwenda Bweni. Tena sema huvushwa, si huvuka, kwa kuwa utando hauzipitishi zenyewe.

"Husafiri pamoja" ni kweli kwa kipande hicho tu. Penye saitokromu huachana: protoni hubaki ndani, elektroni hupokezwa plastosianini, protini ndogo inayozipeleka mbele. Hata hapo, elektroni moja kati ya mbili hurudishwa kwa plastokwinoni nyingine, ndiyo maana hadi elektroni 2 zifike plastosianini, protoni 4 huwa zimevushwa.

Protoni za maji zina kitenzi chao. Molekuli 2 za maji zikipasuliwa, protoni 4 huachwa ndani papo hapo, hazikuvuka popote. Basi kwa kila molekuli ya oksijeni, ndani huongezeka protoni 12: 8 zimevushwa, 4 zimeachwa. Mwanafunzi akiandika "12 zimevushwa", hesabu ni nzuri, kitenzi kibovu.

Kuhusu uhusiano wa safari ya elektroni na ya protoni, neno ni kutegemeana, na hiyo -an- si pambo. Diuroni, dawa ya kuulia magugu, hukalia nafasi ya plastokwinoni. Elektroni zikikwama, protoni hazivushwi. Kinyume chake, protoni zikijazana na asidi ikazidi ndani, saitokromu hupunguza mwendo wa elektroni.

Utando ukitoboka je? Wengi huandika "mnyororo wa elektroni umesimama". Sivyo. Elektroni huendelea, pengine kwa kasi zaidi, na oksijeni hutoka. ATP, molekuli ya kubebea nishati, ndiyo haipatikani, maana protoni zimerudi bila kupitia kimeng'enya kinachoitengeneza. Hapo sema protoni zinavuja.

Na wingi wa elektroni ni elektroni. "Maelektroni" tuwaachie mafundi redio.