Kabla hujapima kingamwili za insulini za paka wako

Kijivu, paka wangu mwenye kisukari, alifika yuniti 7 za insulini asubuhi na 7 jioni, na bado alikuwa anamaliza bakuli la maji na kulia apewe jingine. Nikajiaminisha kwamba mwili wake umetengeneza kingamwili, yaani protini za kinga, zinazoinasa insulini kabla haijafanya kazi. Nilishasoma kwamba insulini ya binadamu hutofautiana na ya paka kwa asidi amino (vipande vinavyojenga protini) 4, ya ng'ombe kwa 1 tu, na Kijivu alikuwa anachomwa ya binadamu. Nikamsihi daktari wa mifugo apime.

Kwa paka kipimo hiki ni chepesi: hutolewa damu kidogo, seramu (majimaji ya damu) ikatenganishwa, maabara wakaichanganya na insulini iliyotiwa alama ili waone ni kiasi gani kitanaswa. Majibu yakaja: hakuna kingamwili.

Ndipo daktari akaniambia, "Hebu nioneshe unavyomchoma." Nikatoa chupa na bomba, nikavuta mpaka alama ya 7. Akanishika mkono. Chupa iliandikwa U-40, yaani yuniti 40 kwa mililita, bomba U-100, yaani alama zake ni za insulini ya yuniti 100 kwa mililita. Kwenye bomba hilo alama ya 7 ni mililita 0.07, na kwa insulini ya U-40 hizo ni yuniti 2.8 tu. Wiki zote hizo nilikuwa nampunja dawa, halafu nasema dawa haimkubali. Bado naumia nikikumbuka.

Ukigundua kosa kama hili, tafadhali usichukue bomba sahihi ukavuta 7 ileile. Sukari inaweza kushuka ghafla na kumuua paka. Kijivu alianzishwa upya kwa yuniti 3, akaongezwa taratibu chini ya uangalizi wa daktari. Alipofika 4, maji yakaanza kubaki kwenye bakuli.

Kwa hiyo anza na bomba, chupa (imepitwa na wakati? iliwahi kuganda?) na namna unavyochoma, mara nyingine dawa huishia kwenye manyoya. Mfungue kinywa umwangalie meno na fizi, mkojo upimwe maambukizi, na umkumbushe daktari kama paka ametumia steroidi, dawa za uvimbe na mzio ambazo hupandisha sukari. Hayo yakiwa sawa na dozi bado inapanda, omba kipimo cha IGF-1, homoni inayopanda homoni ya ukuaji ikizidi, kabla ya kingamwili. Uvimbe wa pituitari, tezi ndogo chini ya ubongo, unaomwaga homoni ya ukuaji huifanya insulini ishindwe kazi, na kwa paka wenye kisukari si jambo la nadra kama tulivyodhani zamani. Kingamwili zinazozuia dawa kweli ni nadra zaidi.

Zikipimwa na kuonekana, usibadilishe dawa papo hapo. Wapo paka wenye kingamwili ambao sukari yao imetulia vizuri. Tena kingamwili huvuruga kipimo cha kiwango cha insulini katika damu, hivyo namba hiyo isikutishe. Mwombe daktari ayasome majibu pamoja na fruktosamini (kipimo cha damu kinachoonesha wastani wa sukari wa siku zilizopita) na sukari ya kutwa nzima, na maabara waambiwe paka anatumia insulini gani na tangu lini.