Nitoboe wapi ekzosi nifunge sensa ya waidibendi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Altezza yenye injini ya 3S, nakaa Mikindani. Kila nikipanda Newala inakunywa mafuta mno, na nikikanyaga inatoa moshi mweusi. Nimenunua sensa ya oksijeni ya waidibendi, yaani inayoonyesha kwa namba mchanganyiko wa hewa na petroli, Bosch LSU 4.9, pamoja na geji yake. Mchomeleaji wa mtaani anasema tuitoboe ekzosi kwa chini, karibu na tanki lake la nyuma, maana huko grinda inafika bila kushusha bomba. Ni sawa? Na ile sensa ya kiwandani niitoe?

JIBU: Marahaba. Mwambie aweke grinda chini kwanza, maana hapo amekosea mara mbili.

Kwa chini, hapana. Petroli ikiungua hutoa maji, karibu lita moja kwa kila lita unayochoma. Ndiyo yale unayoyaona yakidondoka asubuhi nyuma ya gari. Injini ikiwa bado baridi, maji hayo hutulia tumboni mwa bomba. Sasa ndani ya sensa yako kuna kauri yenye hita inayoipasha hadi nyuzi 780 hivi. Ikirukiwa na tone la maji inapasuka kama chungu kilichotoka jikoni kikamwagiwa maji, na ufa wenyewe huuoni kwa macho. Kwa hiyo sensa hukaa upande wa juu wa bomba, ncha ikitazama chini. Bodi ikibana, ilaze ubavuni, lakini isipungue nyuzi 10 juu ya mlalo.

Nyuma nako hapana. Karibu na mdomo wa bomba hewa ya nje hurudi ndani, hasa injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa pedali. Sensa inahesabu oksijeni tu, haijui imetoka wapi, hivyo geji itakwambia mchanganyiko ni mwepesi, yaani petroli ni kidogo, huku gari linafuka moshi mweusi. Hapo utamwamini nani? Pima sentimita 60 hadi 90 kutoka kichwa cha injini, mahali ambapo mabomba ya silinda zote yameshakutana, kabla ya masega, kile kichujio cha moshi ndani ya ekzosi. Usisogee karibu zaidi ya hapo, joto litaimaliza.

Ndiyo, bomba itabidi lishuke. Ni kazi ya saa moja au mbili, vumilia.

Nati ya kuchomelea iwe ya uzi wa M18 kwa 1.5. Kabla ya kuchomelea chomoa teminali hasi ya betri, na sensa yenyewe ibaki ndani ya boksi lake. Nati izungushiwe moto pande zote, kwa sababu tundu dogo tu likivuta hewa linaharibu vipimo. Mtu asije akaliziba kwa gundi ya silikoni! Mvuke wake unaua sensa. Funga kwa nguvu ya Nm 40 hadi 60, na grisi ya joto kali, kama hawajaipaka kiwandani, iguse uzi tu, isifike kwenye ncha.

Waya ndiko wengi wanakoharibu. Soketi ya sensa usiikate hata kama waya ni mrefu. Ndani yake kuna rizista iliyopimwa kwa ajili ya sensa hiyo hiyo. Umeme uchukue kwenye laini inayowaka kwa swichi ya funguo, upitie fyuzi yake, na athi iwe safi, si ya kubahatisha kwenye bodi lenye rangi. Wewe wa Mikindani una chumvi ya bahari pia, kwa hiyo funga soketi juu, mbali na maji ya barabarani na mbali na moto wa bomba.

Halafu usiwashe gari sensa ikiwa imefungwa bila umeme. Hita isipofanya kazi masizi yanaifunika. Mimi niliwahi kumwachia mteja aende hivyo, eti waya tutamalizia Jumatatu. Jumatatu nikanunua sensa nyingine kwa pesa yangu.

Ya kiwandani iache hapo ilipo. Kompyuta ya gari imeizoea hiyo, na ukiipa ishara isiyoielewa utaongeza tatizo juu ya tatizo.

Sasa namba za geji, yaani sehemu ngapi za hewa kwa sehemu moja ya petroli, kwa uzito. Sailensa na mwendo wa taratibu, tarajia kucheza karibu na 14.7. Ukipanda Newala pedali imekanyagwa yote, 12.5 hadi 13 ni kawaida, injini inahitaji petroli zaidi. Ikishuka chini ya 11, huo ndio moshi wako mweusi: angalia nozo zinazopulizia petroli, kichujio cha hewa na sensa ya joto la maji. Lakini angalia plagi kabla ya yote. Silinda isiyochoma hutoa oksijeni yake mbichi, na geji itadai petroli ni kidogo wakati inamwagika bure.

Kwenye kuteremka, ukiachia pedali geji itapanda hadi mwisho. Usishtuke, kompyuta imekata petroli na bomba limebaki na hewa tupu. Andika namba za mlimani, gia uliyokuwa nayo na mzunguko wa injini, kisha nitumie pamoja na picha ya plagi zote nne nizione rangi.